Mwalimu wa Tuisheni Asikushikie Kipanya

Nakuandikia kutoka dawati la nyuma kabisa katika maabara ya kompyuta, lile lililo karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka. Ukinikuta hapo Jumamosi alasiri usidhani nimeadhibiwa. Nimekuja kwa hiari yangu, na kilichonileta ndicho ninachotaka tukizungumze leo katika jarida letu.

Najua wapo watakaouliza: Chama cha Kiswahili kinajitia nini katika mambo ya kompyuta? Si wakaongee hayo kwenye chama chao? La hasha! Sisi wanachama tumebishana miaka nenda miaka rudi kama mashine hiyo iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Siku moja mjadala huo ulitumalizia kipindi kizima. Basi ikiwa tuna nguvu za kubishania jina lake, hatuwezi kufumba macho wenzetu wanapofeli somo lenyewe. Tena, kama utakavyoona, lugha imo ndani ya jambo hili.

Msimamo wangu ni huu. Mwanafunzi anayetatizwa na somo la Kompyuta ana haki ya kutafuta mwalimu wa kumsaidia nje ya darasa, wala asione haya. Kuuliza si ujinga. Lakini wengi wetu, tukisema ukweli, hatutafuti mwalimu. Tunatafuta mtu wa kutufanyia kazi. Mambo hayo mawili yanafanana kama maziwa na chokaa iliyokorogwa: ukiwa mbali huwezi kutofautisha, na huenda hata bei ikawa moja. Ukinywa ndipo utajua.

Mimi nilikunywa chokaa. Nitasimulia.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu alitupa mradi wa mazoezi ili tujiandae kwa ule wa mtihani. Tulitakiwa kutengeneza mfumo wa chama cha ushirika cha maziwa: mkulima analeta maziwa, lita zinaandikwa, na mwisho wa mwezi anajua atalipwa pesa ngapi. Jambo rahisi, ati. Nyumbani kwetu tunapeleka maziwa kila asubuhi na baba ana kitabu chake cha kuandikia. Lakini nilipokaa mbele ya mashine, akili ilikwama kama trekta kwenye matope ya Aprili. Nikamlilia baba anitafutie tuisheni likizo.

Baba hakubisha. Aliuza magunia mawili ya mahindi, akapata shilingi 6,000, akanikabidhi na kusema, "Kijana yangu, hii ni mbolea ya msimu ujao. Usiichezee." Nikampata mtu mmoja mjini, kwenye saiba, aliyesifika kuwa ni moto wa kuotea mbali. Saa moja shilingi 500. Saa kumi na mbili, pesa zikaisha.

Yule bwana alikuwa fundi kwelikweli, sitamvunjia heshima. Vidole vyake vilikimbia kwenye baobonye kama mvua kwenye mabati. Alifungua Access, akatengeneza majedwali, akachora fomu, akaweka vitufe vya rangi, akasema, "Unaona? Unaona hapo?" Nami nikajibu, "Naona, Mwalimu." Nilichokuwa nikiona ni mgongo wa mkono wake. Kwa saa zote kumi na mbili nilishika kipanya mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa ni kukisogeza apate pahali pa kuweka chai.

Nikarudi shuleni na flashi mfukoni, kifua mbele. Mwalimu alifungua kazi yangu, akatabasamu, akaniambia, "Safi sana. Sasa bwana, chama kimepandisha bei ya maziwa kuanzia tarehe 15. Malipo ya kabla ya tarehe hiyo yabaki bei ya zamani. Nirekebishie hapo." Akaniachia kiti.

Nilikaa. Darasa zima likanyamaza. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, lakini wapi! Sikujua hata bei imewekwa wapi. Mwalimu hakunigombeza wala hakunicheka. Alisema tu, "Mwenye mfumo huu akija, mwambie namsalimu." Ndugu msomaji, afadhali kiboko. Usiku ule sikuwaza aibu tu, niliwaza yale magunia mawili. Ningemwambia nini baba?

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu maana ya kufundishwa, na jibu nililipata karibu na nyumbani. Sisi tunaishi katika nchi ya wakimbiaji. Kila alfajiri tunawaona barabarani, na kila mmoja anajua kwamba nyuma yao yuko kocha. Hebu tuangalie makocha wenyewe.

Pale Iten, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa, mwaka 1976 alifika Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland. Alikuja kufundisha Jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa kocha wala hakuwa amesomea ukocha. Alianza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia, akauliza maswali, akajifunza, akarekebisha. Miaka mingi baadaye kijana aliyepita mikononi mwake, David Rudisha, alishinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Kisha tazama Kaptagat, ambako Patrick Sang amemlea Eliud Kipchoge. Sang mwenyewe alikuwa mkimbiaji hodari aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Lakini tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, Sang hakumkimbilia hata hatua moja. Wenzake walimkinga upepo kwa zamu, naam, lakini hakuna aliyembeba mgongoni.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza: mwalimu mzuri si lazima awe na shahada ya kompyuta ukutani. Anayekutazama ukikosea, akaelewa kwa nini umekosea, ndiye. La pili: hata kocha bora duniani hawezi kukukimbilia. Siku ya mbio ni miguu yako.

Na mbio zetu ni hizi. Somo la Kompyuta katika KCSE lina karatasi tatu. Ya kwanza ni nadharia, kalamu na karatasi. Ya pili ni ya vitendo, wewe na mashine mbele ya msimamizi. Ya tatu ni mradi unaofanywa kwa muda mrefu. Sasa tufanye hesabu ya wazi. Fundi wa saiba anaweza kukutengenezea hiyo ya tatu. Je, ya kwanza atakuandikia? Ya pili ataingia nawe? Na hata hiyo ya tatu, baraza la mitihani lina uwezo wa kufuta matokeo ya mwenye kudanganya. Umelipa pesa ili ujiweke hatarini karatasi moja na ubaki mtupu karatasi mbili. Biashara gani hiyo?

Basi mwalimu wa kweli anapatikanaje? Mimi nilimpata kwa bahati. Jirani yetu ana binti aliyemaliza sekondari na alikuwa akisubiri kuingia chuo kikuu. Mama alimwomba, wakakubaliana shilingi 200 kwa kila Jumamosi, tukakutana maktabani mjini. Jumamosi ya kwanza nilifika nikiwa nimebeba ile flashi. Dada akaniambia, "Weka mfukoni. Leo hatuhitaji kompyuta. Umekuja na mahindi?" Nilidhani ananitania.

Alitoa punje za mahindi kwenye karatasi, akachora vyumba saba, akaandika juu yake kutoka kulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. "Mashine haijui kuhesabu kama sisi," akasema. "Inajua mambo mawili tu: stima ipo, stima haipo. Punje ipo, punje haipo. Niwekee 13." Nikaweka punje kwenye 8, kwenye 4 na kwenye 1. Tukasoma: 1101. Halafu akauliza, "Na mji wetu?" Nikashangaa. Akacheka. Eldoret ulijengwa kwenye Shamba Nambari 64, ndiyo maana wazee wengine bado wanauita Sisibo. Nikaweka punje moja tu kwenye chumba cha mwisho, vyumba sita vikabaki wazi: 1000000. Mfumo wa baineri uliokuwa umenitoa jasho muhula mzima uliingia kichwani kwa punje moja, na sitausahau hata nikizeeka.

Jumamosi ya pili tulirudi kwa maziwa. Akaandika kwa Kiswahili: Anza na jumla = 0. Kwa siku ya 1 hadi ya 3, soma lita, kisha jumla = jumla + lita. Nikapinga palepale, "Lakini dada, jumla itakuwaje sawa na jumla na kitu kingine? Hesabu hiyo ni uongo." Akasema hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja. Akachora jedwali lenye safu tatu: siku, lita, jumla. Siku ya kwanza lita 4, jumla ikawa 4. Siku ya pili lita 6, jumla ya zamani 4 ukiongeza 6, jumla mpya 10. Siku ya tatu lita 5, jumla 15. Kumbe ile alama haisemi "ni sawa na". Inasema "chukua kilichomo ndani ya debe, ongeza, rudisha debeni". Debe ni lilelile, maziwa ndiyo yanabadilika. Kile wanachokiita kigeu kwenye hisabati, kwangu tangu siku hiyo ni debe.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mtihani ni wa Kiingereza na tutaujibu kwa Kiingereza, sibishi. Lakini hakuna sheria inayosema ni lazima uelewe kwa Kiingereza kwanza. Mwalimu aliyenieleza kwa debe na punje alinipa kitu cha kukitafsiri. Yule wa kwanza alinipa maneno matupu. Ukiwa na maana, maneno utayapata. Ukiwa na maneno bila maana, umebeba gunia la makapi.

Jumamosi ya tatu ndipo tuliposhika kompyuta ndogo aliyoazima kwa kaka yake. Dada alikaa kando yangu, mikono ameifungia mgongoni kama mtu anayekagua gwaride. Nikikosea, hakuigusa. Alisema, "Soma ujumbe huo unasema nini." Nikikwama kabisa, alisema, "Rudi kwenye karatasi." Jumamosi ya sita nilijenga mfumo wa maziwa upya, wangu, wenye vitufe vya kijivu visivyovutia hata kidogo. Lakini bei ilikuwa kwenye jedwali lake, pamoja na tarehe ya kuanza kutumika. Nilimpelekea mwalimu, akaniambia nibadilishe bei. Nikabadilisha. Hesabu yote: shilingi 1,200 pamoja na kibuyu kimoja cha mursik ambacho mama alimpelekea kwa hiari yake.

Kutokana na hayo, nina ushauri kwa yeyote anayetafuta mwalimu.

Kwanza, ujue ugonjwa kabla ya kwenda kwa daktari. Usiseme "Kompyuta imenishinda". Sema mada. Wengi wetu tunateleza kidato cha tatu, kwenye uwakilishi wa data, utungaji wa programu na uundaji wa mifumo. Chukua karatasi ya mtihani uliopita, fanya peke yako, weka alama ya mkasi pale ulipokwama, ndipo uende nayo.

Pili, mjaribu mwalimu kabla hujamlipa. Mpe swali moja na umwombe akueleze bila kugusa mashine. Akishindwa, au akikunyang'anya kipanya, mshukuru na uage. Akikuuliza wewe ulifikiriaje, kaa.

Tatu, tafuta karibu kabla ya mbali. Mji huu, uliotangazwa kuwa jiji mwezi Agosti 2024, una Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret, mbali na vyuo vya ufundi. Wapo wanafunzi wengi wanaosomea kompyuta na ualimu, wanakaa Annex, Kimumu na mitaa mingine, na wengi walifanya mtihani huuhuu juzi tu. Mwalimu wetu wa somo anawajua baadhi yao. Mwulize yeye kwanza, maana anajua pia udhaifu wako.

Nne, na hili nalisema kwa uzito: mkutane mahali pa wazi, maktabani au nyumbani wazazi wakiwepo, na mzazi amjue mtu huyo kwa sura na kwa jina. Usimfuate yeyote chumbani kwake eti ndiko kompyuta iliko. Elimu haihitaji mlango uliofungwa.

Wapo watakaonipinga. Mmoja atasema tuisheni imekatazwa. Ni kweli, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuwekwa kwenye tuisheni ya likizo, na ilikuwa na sababu: wazazi walikuwa wakikamuliwa na watoto hawapumziki. Mimi sisemi tuirudishe kwa mlango wa nyuma. Mzazi kumwomba jirani amsaidie mwanawe Jumamosi saa mbili si sawa na shule kufungia watoto darasani Aprili nzima.

Mwingine atasema, ya nini mwalimu siku hizi? Uliza akili unde kwenye simu, itakuandikia programu nzima kabla hujapiga chafya. Ndiyo, itaandika. Itaandika kama yule bwana wa saiba, tena haraka zaidi na bila kuomba chai. Lakini mwalimu wako akipandisha bei ya maziwa utakuwa palepale nilipokuwa mimi. Ukiitumia kuuliza "nimekosea wapi na kwa nini", hapo sina ubishi, hiyo ni mikono mgongoni. Ukiitumia ikufanyie, ni chokaa tu imewekwa kwenye chupa mpya.

Wa tatu ndiye anayeniuma, kwa sababu ana haki. Yeye hapingi, anasema tu: "Sisi tusio na mahindi ya kuuza je?" Mimi nilikuwa na baba mwenye magunia mawili, na baada ya kuyapoteza nikawa na mama mwenye jirani mwema. Si kila mtu ana hayo. Tukiliacha jambo hili kuwa la bahati, somo la Kompyuta litakuwa la watoto wenye kompyuta nyumbani, na sisi wengine tutabaki kulisikia.

Ndiyo maana napendekeza, na ninaomba walimu wetu wasome sehemu hii mara mbili, maabara yetu ifunguliwe kila Jumamosi alasiri. Kila mmoja wa kidato cha nne achukue mmoja wa kidato cha tatu. Wale wa mtaala mpya, ambao darasa lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, nao wasiachwe. Sisi wa 8-4-4 tunaelekea kwisha, kwani mtihani wetu wa mwisho unatarajiwa mwaka 2027, na itakuwa aibu tuondoke na tunachokijua. Sharti liwe moja tu: anayefundisha aweke mikono mgongoni. Walimu wa mazoezi wanaotoka vyuo vikuu wakija, nao waombwe saa moja kwa wiki. Stima ikipotea tusikimbie bwenini. Punje za mahindi hazihitaji stima. Na Chama cha Kiswahili kiandae orodha ya maneno ya somo hili kwa maelezo ya kueleweka, ibandikwe ukutani.

Tumekwisha kuanza, wanne tu, na ndiyo sababu unaniona pale karibu na kioo kilichopasuka. Anayefundishwa nami ni mgumu kama mimi nilivyokuwa. Jumamosi iliyopita nilitaka kumnyang'anya kipanya mara tatu. Nikajizuia.

Muhula huu, mradi halisi ulipokuja, mtu mmoja alinifuata stejini akaninong'oneza, "Kijana, projekti iko tayari, unabadilisha jina tu." Bei yake ilikuwa nafuu kuliko magunia mawili. Sitadanganya kwamba sikusita. Nilisita. Kisha nikamwuliza, "Na bei ya maziwa ikipanda?" Hakunielewa, akaenda zake kutafuta mwingine.

Huyo mwingine, ndugu msomaji, asiwe wewe. Njoo Jumamosi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kuinama pamoja ni afadhali kuliko kuinama peke yako. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.